Saa Sitini za Fizikia

Mwalimu Marwa alizikwa Ijumaa iliyopita kwao, upande wa Kuria, na mimi, ambaye sivuki geti langu ila kwa sababu ya msiba au chumvi, nilivuka. Awuor ndiye aliyenipigia simu. Hakusema pole wala habari. Alisema tu, "Mwalimu ameenda. Vaa viatu." Anajua kwamba miguu yangu imezoea kandambili, na kwamba safari ndefu niipendayo ni ile ya kutoka kitandani hadi jikoni. Hapa Magunga wananiita Askari wa Sufuria, na sijawahi kukata rufaa. Pale msibani nilikaa nyuma kabisa, chini ya turubai, kati ya wazee nisiowajua, na mwendesha shughuli alipoomba yeyote aliyekuwa na neno juu ya marehemu asimame, Awuor aligeuza shingo akanitazama. Mimi nikatazama viatu. Wengine walisimama wakasema alikuwa mkali, alikuwa mwaminifu, alifundisha fizikia hadi mbuzi wakaielewa. Neno langu lilikuwa refu kuliko turubai lile, nalo halifai kusemwa mbele ya wajukuu wa mtu. Kwa hiyo naliandika hapa, kwa Kiswahili cha mtu aliyemaliza kidato cha nne na D isiyo na hata alama ya kujumlisha pembeni.

Mwaka ule ulikuwa wa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Awuor, binti wa mama yangu mkubwa, alikuwa na ishirini na tatu. Alikuwa akimaliza diploma ya sayansi katika chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Alinitoa Magunga nikampikie kwa sababu chakula cha chuo, alisema, kilikuwa mtihani usio na majibu. Tulikodi chumba kimoja chenye dirisha la ukubwa wa daftari. Ukutani, juu ya kitanda chake, alikuwa amebandika karatasi aliyoigawa kwa mstari mwekundu: upande mmoja Zinazohesabiwa, upande wa pili Zisizohesabiwa. Alikuwa amekosa udaktari kwa pointi mbili katika mtihani wa kidato cha nne, lakini chuo kikuu kilimwambia kwamba aliyesoma diploma anaweza kuingia kwa mlango mwingine. Kemia ilihesabiwa, biolojia ilihesabiwa, fizikia ilihesabiwa. Sharti upate C au zaidi, sharti kozi isiwe imepita miaka mitano tangu uifanye, na sharti kila moja iwe na saa sitini za maabara zilizotiwa sahihi na aliyekusimamia. Kilimo hakikuhesabiwa. Mbinu za kufundisha hazikuhesabiwa. Nilimwuliza siku moja, nikiwa nimeinamia jiko, "Na kupika je, dada?" Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu, "Kupika hakuhesabiwi, omera, ndugu yangu. Kula ndiko kunahesabiwa. Leta."

Jioni wenzake walikuja kula ugali wangu na kulalamika, nami nikawa nasikiliza huku nikijifanya nasugua sufuria. Ndipo nilipojua kwamba chuoni pale kemia ilifanywa kwa mdomo. Mwalimu alichora chupa ubaoni, akachora moshi, akawaambia wavute pumzi na wawaze harufu. Dawa zilikuwa zimekwisha tangu mwaka uliotangulia. Hata hivyo saa ziliandikwa, na walimu walitia sahihi kama watu wanaogawa peremende. Mmoja tu ndiye aliyekataa, mwalimu wa fizikia, mfupi, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, Mkuria peke yake katika chuo kizima. Yeye aliokota mawe, waya na vioo vilivyovunjika akafanya navyo majaribio ya kweli, kisha akaandika katika rejista yake saa zilizofanyika na si dakika moja zaidi. "Marwa ni mchoyo wa saa," alisema kijana mmoja akimega tonge langu. "Nina saa kumi na moja. Kumi na moja. Hata kuku hulalia mayai kwa saa zaidi ya hizo." Awuor wakati huo alikuwa na hamsini na sita, kwa sababu hakukosa hata siku moja, hata ile aliyokuwa na malaria.

Halafu mwezi wa tatu mmoja wao akaenda kuuliza nafasi chuo kikuu akarudi na habari kwamba kozi zao hazitahesabiwa mahali popote kama saa hazijatimia, na kwamba rejista ya fizikia ndiyo itakayoombwa kwanza, kwa kuwa ndiyo pekee inayosomeka kama rejista. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mimi nilikuwa nimempelekea Awuor samaki wa kuchemsha, kwa sababu jaribio lao la siku hiyo lilipita katikati ya saa ya chakula. Aliniambia nimngoje kwenye stoo ya mitungi ya gesi iliyopakana na maabara, ili wenye njaa wasinusie. Stoo ilikuwa na mlango wa chuma na komeo la ndani. Nilikaa juu ya mtungi, na ili nisiseme uongo, nilikuwa nimeanza kuonja kichwa cha samaki.

Nilisikia kwanza vioo. Baadaye nikasikia sauti nyingi zikidai, "Saa zetu. Mwandike saa zetu." Walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, labda mia moja, wameng'oa miguu ya meza. Mlinzi, mzee wa watu aliyekuwa akiniombaga maji ya samaki, alisimama mlangoni mwa maabara na rungu lake, wakampiga mdomoni kwa mguu wa meza. Niliona kupitia upenyo akikaa chini polepole, kama mtu aliyekumbuka jambo, na meno yake yakamwagika juu ya shati. Chupa za asidi, zile chache zilizobaki, zilirushwa ukutani, na msichana mmoja akatoka akikimbia huku ameshika shingo, ngozi ikitoka na kola ya gauni. Nilivuta mlango. Haukufunga, kwa sababu kabla haujafika mwisho vidole vinne viliingia vikashika ukingo, na sauti ikasema, "Nifungulie." Nilifikiri ni wao. Nilivuta. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja muwa kwenye goti, na ukelele mfupi. Komeo bado halikushika, kwa kuwa vidole vilikuwa bado mle. Nikaweka mguu ukutani, nikavuta mara ya pili kwa uzito wangu wote, vidole vikachomoka, komeo likashika. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiandikia. Vidole vilikuwa na chaki. Mwanafunzi hashiki chaki, lakini hesabu hiyo niliifanya baadaye, nikiwa nimejikunyata nyuma ya mitungi na kusikia upande wa pili wa chuma mtu akipigwa mbavuni. Pigo, pumzi, pigo, pumzi. Polisi walipokuja na moshi wa kutoa machozi waliwapiga waliopiga na waliopigwa bila kuuliza saa zao. Mvulana mmoja aliacha jicho pale. Nilipofungua mlango, sakafuni palikuwa na damu na unga mweupe wa chaki umechanganyika nayo, kama uji ulioanza kuungua.

Chuo kikafungwa. Niliambiwa walimu watatu wamepigwa, sikuuliza ni nani wala wapi. Awuor, aliyekuwa ametoka mbio na wenzake vioo vya kwanza vilipovunjika, aliniuliza ulikuwa wapi, nikasema stooni, akasema afadhali, nikakubali. Tulihamia Migori, chumba kilicho nyuma ya kinu cha posho, ambapo sakafu ilitetemeka kuanzia asubuhi hadi jioni na kila kitu, pamoja na chai, kilikuwa na unga juu. Awuor alipata kufundisha shule ndogo ya watoto na mimi nikaendelea na cheo changu. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa wa bati, na jirani, Mama Atis, aliyeuza nguo za mitumba sokoni, aliongea kama bati lile ni hadithi tu. "Ule msichana," alimwambia mwenzake siku moja huku mimi nikichambua mnavu upande wangu, "wenzake wanahesabu watoto, yeye anahesabu kozi." Mwenzake akauliza, "Na yule kijana je?" Mama Atis akacheka. "Yule ndiye mke." Niliendelea kuchambua mnavu. Mtu hawezi kubishana na ukuta, hasa ukuta ukiwa umesema kweli.

Fomu za chuo kikuu zilifika mwezi wa sita. Ya kemia na ya biolojia zilijazwa siku moja. Walimu wenyewe walikuwa wamejificha mjini Migori, wakatia sahihi huku wakinywa soda, saa sitini, saa sitini, hakuna aliyeuliza. Ilibaki ya fizikia. Mwalimu Marwa alikuwa amerudishwa kwao akiwa amelazwa kwenye pikapu, na kwao ilikuwa upande ambao majuma hayo hakuna Mjaluo, yaani mtu wa kwetu, mwenye akili aliyekwenda. Ng'ombe walikuwa wameibwa, wakarudishwa kwa mishale, nyumba zikachomwa upande huu, zikachomwa upande ule, na kila asubuhi pale kinuni watu walileta mahindi pamoja na majina ya waliokufa. Fomu ilitakiwa Homa Bay, kwenye ofisi ya chuo, kabla ya mwisho wa Julai. "Nitaenda," alisema Awuor. Nilimwambia barua zipo. Akaniambia posta imefungwa tangu karani apigwe panga la bega. Nilimwambia mwaka ujao upo. Akanionyesha kwenye fomu kwamba mwaka ujao kemia yake ya mwaka wa kwanza ingekuwa imepitisha ile miaka mitano, kwani alikuwa ameacha masomo miaka miwili katikati. Basi nikavaa viatu. Nilikwenda si kwa ujasiri. Nilikwenda kwa kuwa niliogopa kubaki peke yangu na Mama Atis.

Tulitembea, tukabebwa kwa baiskeli, tukatembea tena. Tulipita maboma matatu yaliyobaki kuta tu, na ng'ombe mmoja aliyekatwa mishipa ya miguu akiwa bado hai, anatazama. Kwenye daraja dogo vijana wanane wenye pinde walitusimamisha. "Mnaenda wapi, nyinyi?" Awuor akasema, "Kwa Mwalimu Marwa." "Kufanya?" Akasema, "Fizikia." Waliangaliana. Mmoja akaanza kucheka, akainama, wengine wakafuata. "Watu wanachinjana, hawa wanaenda fizikia. Wapite, hawa tayari wameshaumwa." Mwingine akanigusa kifua kwa ncha ya mshale, taratibu, kama anayeangalia kama embe limeiva. "Na huyu?" "Huyu ni mpishi," alisema Awuor. Mshale ukashushwa. Hakuna aliyewahi kuona sababu ya kuua mpishi.

Mwalimu Marwa alikuwa ameketi nje ya nyumba yake kwenye kiti cha kamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Mkono wake wa kulia ulikaa pajani kama kitu alichokabidhiwa akilinde. Vidole vilikuwa vimejikunja kama miguu ya kuku aliyekaushwa, na gumba pekee lilitembea. Nilitazama mara moja nikajua, halafu nikajiambia kwamba sijui. Mkewe, Mama Robi, alitukaribisha kwa ugali wa wimbi na maziwa ya mgando, akatutazama tukila. Alipoambiwa kazi yangu alimwita binti yake kutoka shambani. "Robi, njoo uone mwanaume wa Kijaluo anayepika. Njoo haraka kabla hajaolewa." Hata Mwalimu alitabasamu. Kisha akasema, "Lete rejista." Robi akaileta, imefungwa kwa kitambaa. Siku ile walipompiga alikuwa ameilalia, na jalada lake lilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la mbavu. Akafungua kwa mkono wa kushoto, akateremka na kidole. "Awuor. Una hamsini na nane." Awuor akasema alifikiri ni sitini, kwa sababu jaribio la mwisho, siku ile. "La siku ile halikwisha," alisema Mwalimu. "Tulifunga kamba tu. Pembea haikuyumba hata mara moja." Nilisubiri aseme, lakini si neno, mwanangu, nitajaza. Wengine wangejaza kumi. Yeye akasimama, akashika ukingo wa ukuta hadi mbavu zake zilipokubali, akasema, "Leteni kamba."

Jaribio lilifanyiwa chini ya paa la ghala la mtama. Jiwe likafungwa kamba ya katani, kamba ikafungwa kwenye boriti. Kazi ni kuliachia jiwe liyumbe, kuhesabu miyumbo ishirini, kusoma sekunde, kufupisha kamba, kurudia. Awuor aliandika. Mwalimu alishika saa yake ya mkono. Mimi, mwenye D, nilipewa kuhesabu miyumbo. Tulikuwa kwenye kamba ya tatu walipoingia uani vijana wanne wamebeba wa tano juu ya ngozi ya ng'ombe. Alikuwa amekatwa panga juu ya paja, ndani, pale nyama ilipo laini, na damu ilikuwa ikiruka kwa mapigo. Waliomkata walikuwa wa upande wetu. Awuor alitupa kalamu. Alimpanda yule kijana kwa magoti, akasukuma ngumi mbili ndani ya jeraha, akaniambia nivue shati, nikavua, akalisokomeza mle. Mmoja wa vijana alitoa panga kiunoni aliposikia lafudhi yake. Mama Robi akasimama katikati. "Mwacheni. Ni mtoto wa Mwalimu." Awuor alibana. Alibana huku akimwambia yule kijana kwa Kiswahili, nitazame mimi, usitazame mguu, mama yako anaitwa nani. Alisema mama yake anaitwa Boke. Alisema hivyo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, na kabla ya ya nne akawa amekufa. Walimbeba wakaenda naye. Awuor alinawa kwenye karai hadi maji yakawa mekundu, akamwaga, akanawa tena, akarudi chini ya ghala akaokota kalamu. Mwalimu Marwa alitazama saa. "Dakika arobaini na tatu," alisema. "Hizo nimeziondoa. Si fizikia." Niligeuka nikitegemea Awuor amtukane. Alisema tu, "Ndiyo, Mwalimu. Kamba ya nne." Mpaka leo nikimsikia mtu akisema kitu fulani kinahesabiwa na kingine hakihesabiwi, huwa naona lile karai.

Nadhani ni kwa sababu ya kifo kile ndipo Mwalimu akaanza kuzungumza, polepole, macho yakiwa kwenye sekunde. Alisema mbavu zilivunjwa na wanafunzi wake mwenyewe na zimepona, na majina yao anayo na amewasamehe, kwa kuwa mtoto mwenye njaa ya saa ni kama mwenye njaa nyingine. Mkono ni jambo jingine. Mkono uliumizwa na mtu aliyekuwa ndani ya stoo. "Sikumwona. Nilimwambia anifungulie. Alivuta mlango mara mbili. Ya kwanza naijua, ni hofu. Hata mimi ningevuta. Hii ya pili nimeitafutia jina nimekosa." Jiwe likayumba. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, na nilisikia sauti yangu ikisema kumi na sita, kumi na saba, kumi na saba. "Umepoteza," alisema Mwalimu. Nikasema ndiyo. "Rudia tangu mwanzo."

Nilirudia. Jua lilipoanza kushuka saa zikawa sitini, akaziandika kwa kushoto, herufi kubwa zikilala kama mahindi yaliyopigwa na mvua. Aliitazama sahihi yake mpya akatikisa kichwa. Ofisi ya chuo ilikuwa na sahihi yake ya zamani kwenye kadi, na hii haifanani nayo hata kwa ukoo. Wangesema imeghushiwa. Ilibidi aape mbele ya hakimu kwamba mkono huu wa kushoto ni wake, kisha aipeleke fomu mwenyewe ofisini, ndani ya bahasha iliyofungwa. Homa Bay. Mama Robi alisema kwa Kikuria maneno ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Mwalimu akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tusikie, "Zimefanyika. Kitu kilichofanyika kiandikwe." Njiani kurudi Migori nilitaka kumwambia Awuor. Nilifungua mdomo mara nyingi nikaishia kuuliza tutakula nini. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi hata kwa mwenye D: nikisema, huenda Mwalimu asije, na miaka yote ya Awuor iingie upande wa pili wa mstari mwekundu. Nisiposema, basi. Nilichagua basi.

Alikuja siku mbili kabla ya Julai kuisha, kwa lori la chumvi, amevaa kofia iliyovutwa hadi nyusi ili asisomwe uso. Hakimu wa Homa Bay alimsikiliza dakika tano. Alimwuliza mkono umepatwa na nini, akasema, "Mlango," hakimu akaandika mlango, akagonga muhuri. Fomu ikaingia bahashani, bahasha ikaingia mfuko wa ndani wa koti la Mwalimu. Ilibaki kutembea hadi ofisi ya chuo. Nje ya mahakama, mbele ya wapiga taipu na mashine zao, kamba ya kiatu chake ilifunguka. Mtu wa mkono mmoja hafungi kamba. Alisimama akiitazama, na kwa kuwa kazi za chini ni zangu, niliinama nikamfungia. Niliifunga vizuri, mafundo mawili, na nikiwa bado nimeinama nikaviambia vile viatu, "Mwalimu, stooni nilikuwa mimi." Sijui kwa nini pale. Ningengoja saa moja tu. Juu yangu akauliza, "Zote mbili?" Nikasema, "Zote mbili."

Goti lake lilinipata mdomoni. Nilianguka chali, akanipanda, akanipiga kwa kushoto, na mkono ule haukuwa na tatizo lolote isipokuwa mwandiko. Kisha akanipiga kwa ule wa kulia, uliokufa, kama mtu anayepiga kwa gongo, na kila ulipotua alilia yeye. Sikujikinga. Ningependa kuita hiyo toba, lakini ukweli ni kwamba sijawahi kujua namna ya kujikinga. Meno mawili yalitoka. Kofia yake ilikuwa imeanguka, na mpiga taipu mmoja akasema kwa sauti, "Huyu ni Mkuria. Anaua mtu wetu." Watu wakatoka sokoni, wakatoka kwenye karakana, mawe yakaokotwa. Jiwe la kwanza lilimpata Mwalimu sikioni, la pili mgongoni. Wakamtoa juu yangu, wakamlaza chini, wakaanza kumkanyaga mbavu zilezile. Kijana mmoja alikuja akibingirisha tairi kuukuu, na kila mtu pale alijua kazi ya tairi. Mimi niliinuka kwa magoti, nikatambaa, nikalala juu ya Mwalimu. Nilikanyagwa mara kadhaa kwa niaba yake. Nilisema kwa Kijaluo, kwa mdomo usio na meno ya mbele, "Mae en ora," yaani huyu ni shemeji yangu. Kwetu shemeji haguswi. Hata akikukosea unameza. Miguu ikapungua. Mama mmoja mpiga taipu, mwenye miwani, akauliza, "Sasa kama ni shemeji, mbona anakuchinja?" Nikasema, "Nilimvunja mkono." Akauliza, "Kwa makusudi?" Pale ndipo nilipolipata jina ambalo Mwalimu alilikosa. Nikasema, "Mara ya pili, ndiyo."

Mtu akacheka nyuma ya umati. "Wewe, unamvunja shemeji mkono, halafu unategemea chai?" Mawe yakaanza kudondoshwa. Mmoja aliyekuwa amemkanyaga Mwalimu akamwinua, akampangusa vumbi mabegani, akampa fimbo. "Shika, mzee. Maliza yako." Mwalimu aliishika ile fimbo akiitazama, damu ikimtiririka kutoka sikioni hadi kwenye kile kifungo cha shingo. Awuor alikuwa amesimama kando muda wote huo. Bahasha ilikuwa imemtoka Mwalimu tulipobingirishana, naye ameiokota, ameiinua juu ya kichwa kwa mikono yote miwili ili isifikiwe na damu wala mawe. Hakuja kunisaidia, wala kumsaidia yeye. Alikuwa amegeuka mnara wa bahasha. Sijawahi kumlaumu. Alimwangalia Mwalimu, akateremsha mikono, akamnyooshea ile bahasha, kwa kuwa ni yake yeye kuipeleka au kuichana, na alijua hivyo. Mwalimu akaiweka fimbo chini. Alipumua mara tatu hivi ndipo akaweza kusema. Alisema kwangu, "Kosa ni lako." Akachukua bahasha. "Saa ni zake."

Tulitembea hadi ofisini, yeye mbele, Awuor katikati, mimi nyuma nikitema. Nisimchoshe msomaji, niseme mapema: barua ilikuja, zikakubaliwa kozi tatu, na wapo watu wengi leo wanaotembea kwa sababu ya udaktari wa Awuor. Hakunisemesha hadi mwezi wa kumi na moja, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Ungengoja saa moja." Mwalimu naye hakunisamehe, ila kila Krismasi alipokea debe la samaki wakavu kutoka kwangu na hakulirudisha hata mara moja. Lakini siku ile hatukujua lolote kati ya hayo. Chuo kilikuwa kimefungwa, dirisha moja tu liko wazi, na ndani yake karani mwanamke mwenye sweta la kijani anakula karanga. Aliipokea bahasha kwa vidole viwili. "Hii damu ni ya nani?" Mwalimu akasema, "Ya mpishi." Karani akatutazama sote watatu, akasukuma karanga pembeni, akatoa fomu. Hakwenda moja kwa moja kwenye jumla. Alianza na siku ya kwanza, akateremka mstari kwa mstari na ncha ya penseli, midomo yake ikisogea, mbili, nne, saba, na sisi tumesimama pale dirishani tumeshikana kwa viwiko bila kukusudia, Mjaluo, Mkuria na mwenye D, tukihesabu naye kimoyomoyo, hakuna aliyethubutu kupumua kwa nguvu asije akapoteza, hamsini na nne, hamsini na sita, hamsini na nane, hadi penseli ilipofika mwisho wa ukurasa ikasimama, na karani akasema, "Zimetimia," akanyoosha mkono kutafuta muhuri.